Fundo kwenye Baiskeli ya Aabo

Majuma machache baada ya kumzika baba yetu, mdogo wangu Abdi alinipigia simu kuniuliza baiskeli ipelekwe wapi. Alisema imekaa tu nyuma ya nyumba, kuku wanataga chini yake, na kuna mtu wa vyuma chakavu ameshapita mara mbili akiitazama kwa jicho la tamaa. Nilimwambia asiiguse mpaka nifike. Akacheka. "Walaal, dada yangu, ile kitu haina hata tairi," akasema. Nikamwambia haja yangu si tairi.

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka blekimamba: nyeusi, nzito, na kengele yenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Ya Aabo, baba yetu, ilikuwa hiyohiyo, ila kwenye bomba la fremu, chini kidogo ya kiti, ilikuwa na pete ya kamba kuukuu yenye fundo kubwa la hovyo. Fundo lile nililifunga mimi nikiwa darasa la pili. Nitaeleza lilivyofika pale, ingawa kisa chenyewe hakinipi sifa yoyote.

Tulikuwa tumetoka mbali, kaskazini, upande wa Buna, tukikimbia ukame uliokuwa umemaliza ngamia wetu mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho, jike mmoja aliyeitwa Deero, alifia karibu na kijiji kimoja kando ya Mto Tana, mwendo wa asubuhi nzima na zaidi kwa miguu kabla ya kufika Garissa mjini. Pale alipolala Deero ndipo tuliposimamisha nyumba yetu ya miti na mikeka, kwa sababu hapakuwa na mnyama mwingine wa kuibeba kwenda mbele. Kwa Deero tulibaki na kitu kimoja tu, dabar yake, ile kamba fupi ya kumfunga ngamia miguu ya mbele ili asitoroke usiku. Ayeeyo, mama yake Aabo, ndiye aliyeisokota kwa mikono yake, na aliitundika mlangoni akakataza watoto kuichezea.

Kijijini kulikuwa na shule. Nilianza kwa kuburutwa, nikaishia kuipenda kama wazimu. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kumchagua mwanafunzi mmoja kila juma aandike tarehe ubaoni asubuhi. Kwa mtoto ambaye maisha yake yote alikuwa amehamahama, kushika chaki na kuwaambia watoto wengine leo ni siku gani kulikuwa ni utawala. Nilingoja zamu yangu muhula mzima. Hatimaye mwalimu akataja jina langu: kuanzia Jumatatu ijayo, ni mimi.

Wakati huohuo Aabo alipata kazi. Ilikuwa kazi ya tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini: kufungua milango, kufagia, kuchemsha chai, kupeleka barua. Mwenye kumwajiri alimwambia wazi kwamba saa mbili kamili mlango uwe wazi, na kwamba akichelewa siku ya kwanza asihangaike kurudi ya pili, maana wanaoitaka kazi ile ni wengi kuliko viti vya ofisi. Yeye pia alipaswa kuanza Jumatatu.

Wanaume wa kijiji chetu waliopata kazi mjini walilala hukohuko. Mwanzoni walikuja kila Ijumaa. Baadaye wakaja mwisho wa mwezi. Halafu zikaja pesa peke yake, na mwisho zikawa zinakuja salamu peke yake. Baba wa rafiki yangu Habiba alikuwa amefikia kwenye salamu. Gari la kutegemea halikuwepo. Kulikuwa na lori moja lililopita lilipojisikia. Hooyo, mama yangu, siku ile Aabo alipoleta habari ya kazi alichuja chai mara mbili, na hiyo ilikuwa dalili yake ya kuwa na mawazo.

Aabo akasema atakwenda na kurudi kila siku. Kwa baiskeli.

Ayeeyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Baiskeli!" akasema. "Mnyama asiyezaa, asiyekamwa, na akifa haliwi!"

Kicheko chake kilikuwa na msingi. Aabo alikuwa amekwisha kuota mvi ndevuni na hajawahi kupanda kitu chochote. Kwetu ngamia hubeba nyumba, maji, watoto na wagonjwa. Mwanamume mzima hutembea mbele akimvuta kwa kamba. Kukaa juu ya kitu kikutembeze lilikuwa jambo la aibu kidogo. Lakini aliuza mbuzi wanne kati ya wale wachache tuliokuwa nao, akanunua blekimamba iliyokwisha kutumika, na akamwomba jirani yetu Komora, Mpokomo aliyelima ndizi kando ya mto, amfundishe.

Komora alikuwa mtu wa maneno mengi na huruma haba. Alikuwa akikimbia nyuma ya baiskeli ameshika kiti, huku akipiga kelele, "Tazama mbele, mzee! Usitazame gurudumu, gurudumu linajijua!"

"Mbele natazama," Aabo akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "lakini hii kitu inafuta kushoto! Kwa nini inafuta kushoto?"

"Ni wewe unavuta!"

Kisha tukasikia kishindo. Watoto wa kijiji wote tulikuwa tumekaa kwenye kichuguu tukihesabu. Hooyo alifunika mdomo kwa shela, mabega yakimtikisika. Aabo aliinuka kila mara, akajipangusa mchanga, akaiinua baiskeli bila kuikasirikia. Baada ya siku nyingi za kuanguka alikwenda mpaka shuleni na kurudi bila kugusa ardhi, na Komora akatupa kofia yake juu.

Basi ndipo ilipoanza ile shughuli iliyonichanganya mimi.

Aliyekulia kwenye mifugo anajua sahan ni nini. Kabla ya kuhama, mtu mmoja hutangulia kwenda kuangalia malisho na maji. Huyo ndiye anayekwenda sahan. Akirudi, hakuna anayemuuliza kitu mpaka anywe: maziwa yakiwepo, chai yasipokuwepo. Akishakunywa hutoa habari zake zote, nzuri na mbaya, na haruhusiwi kuongeza wala kupunguza, kwa sababu akidanganya watu watakufa. Aabo alikuwa akisifika kwa sahan. Na katika maisha yangu yote mafupi, kila alipotoka sahan na kurudi, kesho yake nyumba ilivunjwa, mikeka ikakunjwa, na tukaondoka. Huko Buna niliondoka hivyohivyo nikamwacha binamu yangu niliyekuwa nalala naye mkeka mmoja. Sikupewa hata nafasi ya kumuaga.

Sasa Aabo akaanza kuipima barabara ya mjini. Kwanza aliitembea kwa miguu na fimbo yake, akarudi siku ya pili. Halafu akaenda nayo baiskeli nusu ya njia. Akaongeza. Kila jioni alipiga magoti mbele ya nyumba akachora barabara mchangani kwa ncha ya fimbo. Mji aliuwekea jiwe. Nyumba yetu akaiwekea kinyesi cha mbuzi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Hapa mchanga ni mwingi, nitashuka nisukume," alimweleza Ayeeyo, ambaye sasa alikuwa ameacha kucheka, akakaa kusikiliza kama mzee wa baraza. "Hapa miba ya migunga imejaa, nipite katikati ya njia. Hapa viboko wanapanda kutoka mtoni, nisifike kabla ya kupambazuka. Hapa kuna mama anauza chai, ameniahidi kunitunzia mtungi wa maji. Na hapa ni kizuizi cha polisi, kipande changu cha utambulisho kiwe mfukoni."

"Na hapo?" Ayeeyo akauliza, akionyesha kwa kidole cha mguu.

"Hapo ni Iftin, nyumba za kwanza za mji. Nikifika hapo jua likiwa usawa wa mabati, nimewahi."

Nilimuuliza Ayeeyo Aabo anafanya nini. Akanijibu kama anayejibu swali la kijinga: "Huoni? Yuko sahan."

Nikaona kila kitu. Hooyo alikuwa akikausha nyama na kuikaanga kwa samli kutengeneza nyirinyiri, na nyirinyiri hutengenezwa kwa ajili ya safari. Alikuwa akishona mikeka iliyopasuka, na mikeka hushonwa kabla ya kukunjwa. Upepo wa jioni ulipovuma, kile kinyesi cha mbuzi kilibingirika kikatoka kwenye mchoro, na jiwe likabaki pale pale. Sikuhitaji mtu wa kunieleza zaidi. Tulikuwa tunahama Jumatatu, siku yangu ya chaki.

Jumapili jioni, Aabo alipokwenda msikitini kuswali magharibi na Hooyo akawa anakamua mbuzi, niliitungua dabar ya Deero mlangoni. Niliipitisha kati ya mabomba ya fremu na kati ya spoki za gurudumu la nyuma, nikaifunga kwa fundo, juu yake fundo, na juu yake fundo lingine. Lakini sikuikaza. Dabar haikazwi. Mnyama lazima aachiwe hatua ndogo aweze kulisha usiku, la sivyo ataamka na njaa na miguu imevimba. Nilikuwa mtoto wa wafugaji, nilijua utu. Nikaiachia baiskeli nafasi ya kulisha.

Hiyo nafasi ndiyo iliyomponza baba yangu. Laiti ningekaza, angeliona tatizo pale alipoishika tu. Alitoka baada ya swala ya alfajiri, giza bado halijaisha, nyirinyiri kwenye keria na kipande mfukoni. Akaisukuma hatua mbili na gurudumu likaenda vizuri. Akaweka mguu kwenye pedali, akarusha wa pili, na hapo kamba ikafika mwisho. Nilisikia kishindo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kumpa Komora.

"Imekupiga teke?" Ayeeyo akaita kutoka ndani.

Hooyo alitoka na kurunzi. Aabo alikuwa amekaa mchangani, kiwiko kinavuja damu, spoki tatu zimekatika. Alipapasa gurudumu, vidole vyake vikakutana na kamba. Aliitambua bila kuhitaji taa. Kisha akapapasa fundo, na fundo lile hakuna mtu mzima angeweza kulifunga. Hakuuliza ni nani. Aliniita jina langu tu.

Nilitoka nikasimama mbali kidogo na mkono wake.

"Kwa nini?"

"Sitaki tuhame," nikasema, na machozi yakanitangulia. "Leo ni zamu yangu ya kuandika tarehe."

Alijaribu kulifungua fundo kwa kucha. Akajaribu kwa meno. Upande wa mashariki ulikuwa umeanza kuwa mweupe, na sisi sote tulijua saa mbili haimngoji mtu. Mfugaji hakati dabar. Ni afadhali apasue shati lake. Aabo alitoa kisu kiunoni, akamtazama mama yake mlangoni, akakata. Nilimsikia Ayeeyo akivuta pumzi. Ile pete yenye fundo ikabaki imeng'ang'ania bomba, na kipande kirefu cha kamba Aabo akakitumia kuzifunga spoki zilizokatika kwenye zile nzima zisipigepige. Kisha akapanda.

Kabla hajaondoka alinitazama. Nilidhani atanichapa, au atanieleza. Hakuwa na wakati wa lolote kati ya hayo. Akasema tu, "Mimi naenda ili nyinyi mbaki."

Nikamwona akipotea gizani, gurudumu la nyuma likiyumba.

Nilikuwa nimekosea kuhusu kuhama, hilo nililielewa palepale. Lakini nilichoelewa badala yake kilikuwa kibaya zaidi. Yeye aende, sisi tubaki. Habiba aliwahi kuniambia kwamba baba yake naye alisema maneno kama hayo. Nikaona kwamba nimemuumiza, nimemkatisha kamba ya mama yake, na sasa amekasirika anakwenda kulala mjini na wale wa salamu.

Shuleni niliitwa mbele, nikapewa chaki. Niliandika tarehe ya jana. Darasa zima lilicheka, na mwalimu akaifuta taratibu akaniambia niandike tena. Sikumbuki kama niliandika. Utawala wangu ulianza vibaya hivyo.

Mchana ulipopoa nilikwenda kukaa kwenye kichuguu mahali barabara inapopinda. Lilipita lori. Walipita wanawake na punda wa maji. Komora alikuja kutoka shambani na jembe lake begani, akanikuta.

"Unamngoja mzee?"

"Harudi," nikamwambia.

Akaketi kando yangu, na nafikiri ni mara ya kwanza kumwona Komora akitafuta maneno. "Mtoto," akasema, "mimi nimewafundisha watu wengi baiskeli. Wakianguka mara tatu wanaiuza. Baba yako ameanguka mpaka mimi nikachoka, yeye hakuchoka. Mtu wa namna hiyo anashindwaje kurudi nyumbani?"

Jua lilikuwa limegusa vilele vya migunga niliposikia kengele. Aliipiga kutoka mbali, mfululizo, kama mtoto. Halafu akatokea, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu, gurudumu linayumba, miguu inazunguka polepole sana. Nilikimbia kando yake mpaka nyumbani bila kusema neno, kwa sababu nilijua sheria: anayetoka sahan haulizwi mpaka anywe. Hooyo alikuwa ameisikia kengele. Tulipofika, birika lilikuwa motoni.

Alikunywa glasi ya kwanza. Akanywa ya pili. Ndipo Ayeeyo akakohoa akasema, "Warran," yaani toa habari.

Akazitoa zote. Mchanga ni mwingi kuliko alivyodhani. Polisi walimwomba kipande akienda na wakamwomba tena akirudi, polisi walewale. Mama wa chai alitimiza ahadi ya maji. Alifika ofisini mkubwa wa ofisi hajafika, akakaa mlangoni akisubiri, na yule mkubwa alipokuja akaitazama baiskeli, akaitazama na ile pete ya kamba, akauliza ni kitu gani.

"Nikamwambia, hii ni breki ya binti yangu."

Kisha akainama akachora barabara mchangani, akaweka jiwe, akatafuta kinyesi cha mbuzi akakiweka mahali pake. Akaniita nikae karibu. Alitembeza vidole viwili kutoka kwenye kinyesi mpaka kwenye jiwe. Akavigeuza. Akavitembeza kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye kinyesi.

"Umeona?" akasema. "Nyumba haihami. Shule haihami. Anayehama ni mimi, na kila jioni nahamia hapa."

Nililia kwa sauti, nikamwegemea upande wa kiwiko kibaya, akavumilia.

Alihamia pale kila jioni miaka yote niliyosoma shule ya msingi, na miaka ya Abdi pia. Mvua za El Niño zilipoifunga barabara alilala mjini kwa sababu hapakuwa na njia, na yalipopungua tu maji alirudi amebeba baiskeli kichwani. Spoki zilibadilishwa, tairi zikabadilishwa, hata kiti kikabadilishwa, lakini ile pete hakuikata. Mafundi walipotaka kuitoa aliwazuia.

Mimi siku hizi naiendesha barabara ile kwa gari, na nikifika nalalamika vumbi na mgongo. Hapo ndipo huwa natulia nikaona haya. Mwanamume ambaye kupanda kitu kulikuwa aibu kwake alikubali kuchekwa na kijiji kizima, akauza mbuzi, akajifunza uzeeni jambo ambalo watoto hujifunza kwa mchana mmoja, ili mtoto wa kike aandike tarehe ubaoni. Sikuwahi kumwambia asante kwa maneno. Kwetu mtoto hamshukuru baba kwa kuwa baba. Sasa namshukuru, kwa maandishi haya, na najua nimechelewa.

Nilipofika nyumbani, Abdi alinipeleka nyuma ya nyumba. Niliwafukuza kuku. Nikalishika fundo langu, gumu kama mfupa, nikajaribu kulifungua kwa kucha. Halikukubali. Nadhani sikutaka likubali. Mkono wangu ukapanda mpaka kwenye kengele, nikaisukuma kwa kidole gumba bila kufikiri. Nilidhani imekufa kwa kutu. Ikalia.

Abdi akanitazama kwa mshtuko. Ndani tukasikia sufuria ikiwekwa chini.

Niliingia jikoni haraka. Hooyo alikuwa amesimama kando ya moto, mkono mmoja bado uko kwenye birika aliloliweka juu ya mafiga, anautazama mlango.

"Ni mimi, Hooyo," nikamwambia. "Nisamehe. Ni mimi tu."

"Najua ni wewe," akasema, na hakuliondoa birika. "Kaa unywe kwanza. Halafu utanipa habari."